Joka Lisiponguruma ni Mjusi

Mbarara, Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa kaka yangu Emery, Nakivale,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Chakula ni ugali wa posho na maharagwe, kitanda changu ni cha juu, na ile shuka ya Mama bado inanukia sabuni ya nyumbani, kwa hiyo siifui. Simu shuleni haziruhusiwi, hilo unalijua, ndiyo maana namvizia Papa Adolphe getini akitoka kushusha nyanya zake sokoni, nimpe barua.

Kaka, nina jambo. Bwenini hakuna mkimbizi mwingine aliyetoka Nakivale. Wasichana si wabaya, ila wanaongea Kinyankole harakaharaka, na wakicheka mimi nacheka nimechelewa. Jumapili baada ya ibada wanatandika mkeka kwenye veranda na kucheza karata. Si zile za Papa Mihigo za mfalme na malkia. Hizi zina rangi nne: nyekundu za moto, bluu za maji, kijani za msitu na njano za upepo, na namba moja mpaka tisa. Halafu kuna zenye picha: joka, jitu, na mchawi mweusi asiye na rangi. Kila mtu anapigania kumaliza zilizo mkononi mwake. Mwenye karata ni Kembabazi, shangazi yake alimletea kutoka Kampala. Karatasi ya maelezo ilidumbukia kwenye beseni la kufulia siku ya kwanza ikawa uji. Sasa kila mmoja ana sheria zake, na kila mchezo unaisha kwa ugomvi.

Leo wamegombana tena. Mimi nilikuwa napita na ndoo yangu. Sijui shetani gani alinisukuma, nikasema: "Kaka yangu ni bingwa wa mchezo huo." Wote wakageuka. Ni mara yao ya kwanza kunitazama wote pamoja.

Si wewe uliyeniambia siku ninapanda gari kwamba hakuna karata chini ya jua usiyoijua? Basi niandikie. Nimewaahidi Jumapili ijayo.

Usimwambie Mama, lakini begi langu nimelipanga. Nimetia na mkate wa njiani. Papa Adolphe anarudi na gari tupu. Kama kwenye mkeka ule sina fasi, basi Mbarara nzima sina fasi, na kiti changu darasani wampe mwingine.

Dada yako,
Nabintu


Nakivale, Alhamisi, 13 Machi 2025

Kwa dada yangu Nabintu, msomi mkubwa, mla posho,

Barua yako imefika ikiwa imelowa nyanya. Papa Adolphe alinitupia akasema, "Miye minabeba tomati, hapana barua za mapenzi." Nikamwambia ni ya dada yangu. Akasema, "Aa, basi hata kuifungua hakuna faida."

Kwanza kabisa, acha huo ujinga wa begi. Fasi yako ya kulala Georgette amekwisha kuichukua, mdogo wetu huyo analala kama msalaba wa kanisani, huwezi kumhamisha. Pili, umefanya vizuri kumtaja bingwa. Nilikuwa najiuliza sifa zangu zimekwama wapi. Labda Kabingo, fasi magari yote yanakwama.

Mchezo huo, Nabintu, niliucheza mpaka wenyewe ukaomba kupumzika. Huku kwetu Base Camp nikitia mkono mfukoni tu, watu wazima wanakumbuka wameacha sufuria motoni. Sasa wasomee polepole, maana si kila mtu amejaliwa akili ya kuacha shule darasa la sita kama mimi.

Mnakaa duara. Mgawaji anampa kila mtu karata saba, migongo juu. Zilizobaki zinakaa katikati, na fungu hilo linaitwa Pango. Funua ya juu ya Pango, iweke kando. Hiyo ndiyo Njia. Kazi yako ni moja: kutoa zote ulizoshika. Mwenye mikono myepesi ndiye bingwa, na mimi mikono yangu ni myepesi hata nikishika spana, muulize Papa Mihigo, kila siku ananiambia baiskeli za watu natengeneza kwa vidole vya mwizi.

Zamu ikifika, tazama Njia. Ikiwa ya moto, weka ya moto. Huna ya moto? Weka yenye namba ileile, hata ikiwa ya maji. Huna hiki wala kile? Ingiza mkono Pangoni, okota moja, zamu imekwisha. Na usilalamike, pango halina masikio.

Sasa wakubwa. Jitu ni la kukaa njiani. Ukiliweka, anayekufuata anarukwa, kama vile Papa Natanaeli anavyoegesha baiskeli ya ndizi mlangoni mwa kanisa na watu wanasali nje. Mchawi yeye hana kwao, anakaa juu ya chochote. Ukimweka, unachagua mtu mmoja mnabadilishana karata zote, na unataja rangi mtakayoendelea nayo. Njo maana usimcheke mwenye mzigo. Mchawi akipita mzigo ni wako.

Na Joka. Ah, Joka! Yule mnyama mwenye pembe ndefu! Anatua juu ya rangi yake, na anayefuata anaokota mbili. Lakini sikiliza, hapa njo wengi wanaanguka: anayeliweka lazima angurume. Kwa nguvu, kutoka tumboni. Joka lisiponguruma ni mjusi, na mjusi hajawahi kumtisha mtu. Halafu anayefuata akiwa naye na joka, anaweza kuliweka juu ya lile la kwanza, angurume zaidi, na mzigo unasonga kwa wa tatu, anaokota nne.

Namna ya kumaliza mchezo ni siri kubwa ya mabingwa, ningekuandikia sasa hivi, lakini unaona mwenyewe karatasi imefika pembeni.

Bingwa wa Isingiro yote mpaka Ngarama,
Emery


Mbarara, Jumatatu, 17 Machi 2025

Kwa Emery, bingwa mwenye karatasi fupi,

Karatasi imefika pembeni! Na ule upande wa nyuma uliochora baiskeli?

Tumecheza. Niliwasomea barua yako, naigeuza kwa Kiingereza nikienda, nikaruka sehemu za kujisifu, kwa hiyo ikawa fupi sana. Mwanzoni walikuwa na aibu ya kunguruma. Atukunda, mpole kuliko wote, akaweka joka akafanya "mmm" kama mtu anayeonja chumvi. Kembabazi akasema, "Huyo ni mjusi!" na hakuokota kitu. Baada ya hapo, kaka, hakuna aliyekubali kuwa mjusi. Matroni alikuja mbio na ndara moja mguuni na nyingine mkononi. Kembabazi akasimama wima: "Matroni, ni sheria." Matroni akauliza sheria ya nani. Wote wakaninyooshea kidole mimi.

Basi nimekaa kwenye mkeka. Lakini nimekaa kama refa, na barua mkononi. Wanabishana, wananiuliza, najibu, wanaendelea na Kinyankole chao. Refa hapewi karanga. Bakuli lilipita mbele yangu likaenda, likarudi, likapita tena.

Na mwisho hatukuujua. Atukunda alibaki na karata moja, kila mtu akaanza kupiga kelele yake: aitupe, asiitupe, aseme kitu, asiseme. Tulikuwa tumeanza kuvutana vitambaa, kengele ya chakula ikatuokoa. Wamesema Jumapili hii bila mwisho mkeka haufunguliwi. Tuma mwisho.

Halafu, kaka, jambo dogo. Majoka ya Kembabazi hayana pembe. Yana mabawa. Wewe ulichezea yapi?

Begi liko vilevile.

Nabintu


Nakivale, Alhamisi, 20 Machi 2025

Kwa refa,

Ya mabawa ni ya wasichana. Tuendelee.

Karata zangu za zamani zilinyeshewa, usiulize lini, kwa hiyo nimekata mpya kwenye boksi la sabuni nikazichora kwa kalamu ya bic na makaa. Jumamosi niliwaita watu nyuma ya karakana ya Papa Mihigo niwafundishe. Kuwafundisha, Nabintu, si kujifunza, elewa vizuri. Alikuja Papa Mihigo mwenyewe, na jirani yetu Bibi Godeberthe, na mjukuu wake Régis, yule anayejiona mjanja kwa sababu amefika Kampala mara moja akiwa na tumbo linauma.

Unamjua Bibi Godeberthe. Mrundi wa heshima, hata mwizi akiingia kwake atapewa kiti kwanza. Régis akamwekea joka. Akanguruma mpaka kuku wakaruka ua. Bibi akaokota karata zake mbili, akazikumbatia kifuani.

"Urakoze, asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Bibi, hiyo ni adhabu!"

"Adhabu gani? Nilikuwa na tano, sasa nina saba. Weye umebaki na ngapi?"

"Mbili."

"Pole, mwanangu. Vumilia, nitakusaidia."

Hapohapo akacheza zamu yake, akaweka Mchawi. Nikamwambia, Bibi, chagua mtu wa kubadilishana naye. Hakufikiri hata kidogo. "Nampa huyu mtoto, hana kitu." Akamkabidhi Régis sita zake, akachukua mbili za Régis. Nabintu, Régis alitaka kulia. Papa Mihigo alicheka mpaka akakalia pampu. Mzunguko uliofuata Bibi akaweka moja, akabaki na moja.

Nikamwambia, "Bibi, zamu ikirudi weka hiyo, umeshinda!"

"Siweki."

"Kwa nini?"

"Niiweke nibaki na nini? Mgeni akiingia sasa hivi anikute mikono mitupu? Kwetu chungu hakikwanguliwi mpaka chini."

Papa Mihigo akasema, "Mama, hizi ni karata, si bugali."

"Basi weka ya kwako weye, tuone utampokea mgeni na nini."

Haki ya Mungu, na Papa Mihigo alikuwa amebaki na moja, akaiangalia, akairudisha mfukoni. Tukakaa pale, ukimtoa Régis, kila mtu ameshika ya mwisho kama kuku wa mwisho wa familia. Wateja wanaita, baiskeli zimelala. Nikaona mchezo wangu unafia mikononi mwangu. Ndipo Bibi akamtazama Régis na mzigo wake wote, akainuka, akamwendea, akampa ile karata kwa mikono miwili. "Huyu ndiye mgeni wetu leo, ametoka mbali na mizigo mingi. Chukua, mwanangu. Na mchezo mwingine uanze weye." Halafu akapangusa mikono yake. "Sasa iko mitupu kwa heshima."

Kwa hiyo mwisho wa mchezo, kama nilivyokuwa najua tangu zamani, ni huu. Ukibaki na moja, unasema kwa sauti: "Mgeni yuko mlangoni!" Ukisahau na mtu akakukamata, okota mbili. Zamu ikikurudia, karata hiyo huiweki kwenye Njia. Unainuka, unampa kwa mikono miwili yule mwenye nyingi kuliko wote. Haijali rangi wala namba. Anayepewa hakatai, na yeye ndiye anayeanza mchezo unaofuata, wewe unamgawia. Aliyetoa ndiye mshindi.

Ni sheria ya kimataifa.

Emery


Mbarara, Jumatatu, 24 Machi 2025

Kaka,

Sikuwa refa. Kembabazi alisema, "Sheria zimekwisha kujulikana, kaa ucheze," akanisukumia karata saba kama anamsukumia mtu sahani.

Nilicheza vibaya, aibu yako hiyo. Majoka yote ya Mbarara yalinitua. Nilishika karata nyingi mpaka nikazitandaza mapajani. Kembabazi akapiga kelele, "Mgeni yuko mlangoni!" kwa Kiswahili hivyohivyo, wote sasa wanasema kwa Kiswahili, hata wasiojua neno lingine. Zamu ikamrudia. Akainuka, akanitazama mimi na mzigo wangu. Unajua wasichana wa hapa wakimpa mtu mkubwa kitu wanapiga magoti. Akapiga goti moja, kwa mzaha, na mikono miwili, akanipa karata yake. Lakini katikati ya mzaha ule akashusha na goti la pili, sijui kwa nini.

"Anza wewe," akasema.

Nikaanza. Bakuli la karanga likasimama mbele yangu.

Sasa sikia. Jumapili tarehe sita Aprili ni siku ya wazazi kututembelea. Mama hawezi kuacha meza yake sokoni, najua. Lakini wasichana hawamtaki Mama, wanamtaka bingwa. Atukunda ameazima kiti cha ofisini kwa ajili yako. Wamewaambia mpaka wa bweni la pili.

Njoo, kaka. Tafadhali.

Nabintu


Nakivale, Alhamisi, 27 Machi 2025

Kwa Nabintu,

Jumapili hiyo itakuwa ngumu. Goti langu la kushoto linapiga kelele nikikunja, na Papa Adolphe amesema nafasi yangu itakaliwa na kabichi. Pia kuna baiskeli moja ya padri, imevunjika kwa namna ambayo haijawahi kuonekana, nategemewa. Pia bingwa wa kweli hachezi ovyoovyo mbele za watu, anaweza kuwavunja moyo wanaoanza. Pia kunaweza kunyesha.

Wasalimie. Waambie kiti warudishe ofisini kisije kikapotea.

Emery


Mbarara, Jumatatu, 31 Machi 2025

Kaka Emery,

Hujawahi kuziona karata hizi, siyo? Nilijua tangu pembe.

Sikasiriki. Njoo hivyohivyo. Siku hiyo kila msichana atakaa na mtu wake kwenye nyasi, na mimi nitakuwa na kiti kitupu cha ofisini, na wote watajua nilikuwa mwongo tangu siku ya ndoo. Hapo sitaweza kukaa. Papa Adolphe atapita jioni na gari tupu, na begi liko tayari.

Nabintu


Nakivale, Alhamisi, 3 Aprili 2025

Nabintu,

Goti limepona. Kabichi zimehamia juu ya paa. Nakuja na Bibi Godeberthe, amesema kwenda kumsalimia mtoto wa jirani hakuhitaji kadi ya mwaliko.

Mwambie matroni avae ndara zote mbili.

Emery

Na majoka hayafanani yote. Wewe umeyaona mangapi?


Mbarara, Jumatatu, 7 Aprili 2025

Kwa Emery, bingwa wa mjusi,

Nakuandikia upesi kabla ya darasa kwa sababu leo asubuhi Papa Adolphe amenipigia honi getini akaniambia njia nzima ulikuwa unamweleza kwamba uliwaachia washinde "kwa sababu ni batoto ba shule". Ngoja niweke mambo sawa, maana ukifika sokoni kwa Mama hadithi itakuwa na farasi.

Ulikaa kwenye kiti cha ofisini kama waziri. Ulikunja mguu mmoja juu ya mwingine. Ulizungusha shingo ikalia. Kembabazi akakugawia kwa heshima zote, ukazifungua kama feni, ukachomoa moja, ukaitazama huku na huku, ukaigeuza juu chini, ukauliza mbele ya watu wote:

"Huyu popo ni wa nini?"

Popo! Kaka!

Nilitamani veranda inimeze. Nilihesabu moyoni nani ataondoka wa kwanza. Kembabazi akashika kichwa: "Banange, jamani! Bingwa halijui joka!" Na badala ya kuondoka akaanguka kwenye mkeka, Atukunda akaanguka juu yake, na wewe ukasema, usikatae, watu ishirini walisikia, "Huku kwenu mnayalisha vibaya, pembe hazijaota."

Ni Bibi aliyetuokoa. "Hata miye silijui jina lake. Mnaweka au mnacheka?" Akaweka jitu lake, ukarukwa, na kuanzia hapo sijui kama ulipata zamu mara mbili. Bibi alimshukuru kila aliyemwekea joka, mpaka wakaanza kuona haya, wakawa wanamngurumia polepole kwa adabu, na yeye anawaambia, "Kwa nguvu, wanangu, msiwe mijusi." Na mwisho ulipofika, nani alikuwa na mzigo mkubwa kuliko wote? Nani alipewa karata kwa mikono miwili na Bibi Godeberthe? Na nani aliipokea akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto wa komunyo? Mwambie Mama hayo.

Wewe ulipokwenda kumtafutia Bibi maji, Kembabazi aliniuliza, "Kwa hiyo sheria hizi alizitoa wapi?" Nikasema ukweli: alizitunga kichwani, na mwisho ni wa Bibi. Nikangoja. Akatafuna karanga, akafikiri.

"Za Kampala zilituletea ugomvi," akasema. "Hizi hatujagombana hata siku moja. Tunabaki nazo." Halafu akaniuliza: "Na wewe? Atukunda anasema una begi limefungwa chini ya kitanda."

Hapo Papa Adolphe akapiga honi, na Bibi ameshika kikapu chake, kile alichotuletea viazi vitamu. Kitupu. Unajua kwetu kikapu kilichokuja na kitu hakirudi kitupu. Nikakimbia juu bwenini. Sikuwa na kitu, kaka, ila kwenye begi. Mkate wa njiani. Sabuni. Kile kitambaa nilichokuwa nimemwekea Georgette nikifika nyumbani. Nikavitia vyote kikapuni, kimoja kimoja, mpaka begi likalegea, na Kembabazi amesimama mlangoni anatazama.

Papa Adolphe akafungua mlango wa mbele. "Na weye unapanda?"

"Hapana," nikasema. "Kikapu tu."

Ulikuwa nyuma unapanga makreti, hukusikia. Njo maana nakuandikia.

Jambo la mwisho, na hili si utani. Ndani ya bahasha kuna karata. Ni joka la moto, lenye mabawa, ulione vizuri na usiliite popo. Jana baada ya ninyi kuondoka tulicheza tena, na nikashinda, mara ya kwanza. Mwenye mzigo mkubwa kwenye mkeka alikuwa Atukunda. Lakini niliwauliza wote kama naweza kuipeleka mbali, kwa mtu mwenye mzigo kuliko Atukunda, mtu aliyeacha darasa la sita akasema ni akili. Wamekubali. Bibi aliniambia amesikia kwa Papa Mihigo kwamba pale Base Camp wanapokea vijana wa kujifunza umeme, na hawaulizi vyeti. Anayepewa hakatai. Na yeye ndiye anayeanza.

Naitoa kwa mikono miwili. Huioni, lakini ndivyo.

Dada yako anayebaki,
Nabintu


Nakivale, Alhamisi, 24 Aprili 2025

Kwa dada yangu Nabintu, mshindi mara moja tu, usivimbe,

Bibi amefika na kikapu akiimba. Mkate wako tumeula, Georgette amefunga kitambaa kichwani halali bila hicho, na Mama amesoma barua yako yote nilipokuwa nimelala mchana. Sasa ananiita Popo. Soko zima linaniita Popo. Asante sana.

Karata nimeipokea. Kwa mikono miwili, nikiwa nimesimama, Papa Mihigo shahidi. Aliniambia, "Sheria uliitunga mwenyewe, kijana, sasa inamla mwenyewe." Akaninyang'anya spana, akaniambia asubuhi nibaki na waya, jioni nirudi kwenye baiskeli.

Kwa kuwa pakiti ya Kembabazi sasa imepungukiwa joka moja, nimewakatia lingine kwenye boksi la sabuni. Limo kwenye bahasha. Lina pembe, ndefu, nzuri, nilimwangalia ng'ombe wa Kinyankole pale njia ya Kabingo nikachora mpaka akakasirika. Mwambieni Kembabazi joka hili ni la Nakivale: anayeliweka angurume mara mbili.

Na shule ya umeme, ndiyo, nimeanza. Siku ya kwanza mwalimu alitupanga mstari akauliza nani anajua chochote. Wengine wote wanatazama viatu. Nikaona nisimwache mwalimu wa watu na aibu. Nikamwambia hakuna waya chini ya jua nisioujua.

Akasema, "Vizuri. Njoo utuonyeshe upi una moto."

Nabintu, niliupata. Niliupata mara moja, kwa kidole. Nilinguruma mpaka kuku wa Bibi walisikia, na darasa zima likaruka nyuma hatua mbili.

Hakuna aliyesema ni mjusi.

Emery, mwanafunzi